Kikanyagio

Taa nne za shingo, mtumba, kwa mkopo wa kikoba.
Moja ina ufa kwenye kioo,
na kitabu cha maelezo ni Kichina kitupu.
Nimezipa majina kwa jinsi zinavyojibu:
Moja, Mbili, Tatu, na Mkaidi.

Wiki ya kwanza niliziachia zisikilize muziki zenyewe.
Kuna kitufe cha hivyo, unabonyeza, unasahau.
Wenzangu wa Chumbageni wanakisifia sana.
Lakini taa haijui besi na kishindo cha sufuria,
haijui kigelegele na kikohozi.
Pale Makorora shekhe anaomba dua,
spika ikaguna mara moja tu,
zote nne zikamrukia kanzu:
nyekundu, kijani, nyekundu, kijani,
mpaka bibi harusi akacheka ndani ya mtandio
na baba yake akanitazama
tazama ile ambayo nusu ya malipo iliyobaki
niliiaga hapohapo.

Wiki ya pili nikashika mwenyewe.
Mshika mbili moja humponyoka;
mimi nilishika tatu:
wimbo unaoisha, wimbo unaokuja,
na meza ya kuongozea taa niliyoazima kwa Mhina wa bendi,
vidude ishirini na vinne vya kusukuma,
hiki kulia na kushoto, hiki juu na chini,
hiki rangi, hiki ukali, hiki kupepesa,
vingine hata Mhina havijui.
Mkono ukaenda kwenye taa, wimbo ukafa.
Ukimya wa harusi, jamani!
Unasikia mpaka mapovu ya soda.

Mama yangu anashona Barabara ya Nane.
Nilikwenda kulalamika, akawa na sare za shule mpaka kidevuni,
hakuinua kichwa.
Mikono yote miwili kwenye kitambaa,
inaongoza, inakunja, inachomoa pini,
na kasi nzima iko chini, kwenye kisigino.
Hakuniambia kitu, aliomba tu nimpe uzi wa bluu.
Nilimpa mweusi.
Macho yangu yalikwisha kushuka.

Sasa nina ubao wa chaga ya kitanda,
swichi nne za kengele ya mlango,
juu yake vizibo vya chupa za mtindi.
Viatu navua. Dole gumba linajua njia.
Ya kwanza, watu wanaingia: taa zimeinama, rangi ya chai ya maziwa.
Ya pili, wanakula: zisitikisike, mtu aone miba ya samaki wake.
Ya tatu, wanatunza: zinainuka taratibu,
zinakutana juu ya kilemba cha bibi harusi, si machoni.
Ya nne ndiyo fujo, nayo naipimia,
maana pilipili haipakuliwi kwa upawa.
Mbili na Tatu nimezifunga zimfuate Moja, aendako waendako.
Mkaidi, ambaye siku zote hugeukia kinyume,
nimemhamishia pembe ya pili ya jukwaa.
Watu wanadhani nilifikiri sana.

Jumamosi, Mabawa, umeme ukakatika watu wakiwa kwenye kutunza.
Jenereta ya Kibwana ilivutwa kamba mara sita,
ya saba ikashika.
Na taa za shingo, umeme ukirudi, hazikutii kwanza.
Lazima zijitafute:
kila moja inageuza kichwa mpaka mwisho wa kulia,
mpaka mwisho wa kushoto,
kama mtu aliyezindukana nyumba ya ugenini
hakumbuki mlango uko wapi.
Sekunde kumi na tano. Mguu wangu hauna kazi.
Mwanga mweupe ukapita ukutani,
ukapita kwenye masufuria na waoshaji,
ukamkuta mama wa bibi harusi nyuma ya spika,
kiatu kimoja mkononi, anafuta macho kwa pindo la leso,
hana habari kwamba anaonekana.
Kisha zikajikumbuka, zikainama, zikasubiri.

Nikakanyaga ya tatu. Vigelegele.

Ubao una nafasi ya swichi ya tano,
na kengele moja imebaki kwenye droo.
Tundu sijalitoboa.